Anayeliongoza Joto

Pwani hatuna shida ya baridi. Kuanzia Januari hadi Machi joto la Mombasa hupanda hadi nyuzi 32 au 33, na hata kipupwe cha Julai hakimlazimishi mtu kutafuta blanketi zito. Ndiyo maana pikapu ikiegeshwa uani Changamwe au Kisauni, boneti juu, na ikasemwa kwamba kinachotengenezwa ni hita, wapitao huuliza hita ni ya nini. Mafundi wengi walikwisha kulijibu swali hilo kwa kisu: hukata mipira miwili ya maji inayoingia kwenye hita, huiunganisha kwa kipande cha bomba, na kilichobaki nyuma ya deshibodi huachwa kiozee hukohuko. Mimi nataka kumsifu fundi yule mwingine, asiyekata. Kazi yake ni ya polepole, malipo yake ni madogo, na ndani yake mna elimu inayotufaa hata sisi tusioshika spana.

Elimu hiyo huanza na moto. Injini huchoma mafuta ili gari liende, lakini sehemu kubwa ya moto huo haisukumi gurudumu. Mwingi hutokea kwenye ekzosi, na takriban theluthi huingia katika vyuma vya injini, ambavyo vingepinda na kukwama kama pasingekuwa na maji. Pampu huyazungusha maji kandokando ya silinda. Yangali baridi, thamostati huyafungia njia ya rejeta ili injini ipate joto lake upesi. Yakifika nyuzi 82 hivi, kama ilivyo katika pikapu nyingi za Kijapani, nta iliyomo ndani ya kifaa hicho huyeyuka, huvimba na kusukuma kilango. Hapo maji huingia kwenye rejeta, feni na upepo wa barabarani huyapoza, nayo hurudi kubeba mzigo mwingine. Kifuniko cha rejeta, ambacho wengi hukiona kizibo tu, huyabana maji hayo kwa shinikizo, na kwa sababu ya kubanwa yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, hadi karibu 120.

Hita haina moto wake. Ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya deshibodi, inayopewa maji yaleyale ya injini, na feni yake hupuliza joto la maji hayo ndani ya kebini. Anayeikata anadhani ameondoa anasa ya nchi za baridi. Kwa kweli amegusa mzunguko uleule unaoiweka injini hai.

Na pikapu ya Mombasa haikai Mombasa. Nenda soko la Kongowea alfajiri uone viazi na kabeji vinavyoshushwa: vimetoka nchi za juu, na gari lililovileta huenda kesho likarudi huko na nazi au maembe. Barabara ya Nairobi huanza usawa wa bahari, ikapanda Mazeras, Mariakani, Voi na Mtito Andei hadi mji ulio mita 1,700 hivi juu, na Limuru iko juu zaidi, mita zaidi ya 2,000. Saa kumi na moja ya alfajiri huko, kioo cha mbele huingia ukungu kwa pumzi ya dereva na utingo wake, na kitambaa hakisaidii kwa muda mrefu. Hita ndiyo inayokausha kioo. Hata hapa nyumbani, mvua za masika zikimwagika na madirisha yakafungwa, hewa kavu yenye joto husafisha kioo upesi. Tena kuna faida ambayo madereva wa masafa marefu waijua vizuri: mshale wa joto ukianza kupanda mlimani na mzigo ni mzito, hufungua hita hadi mwisho, madirisha wazi, na rejeta ile ndogo husaidia kubwa kutoa joto mpaka wapate pahali pa kusimama.

Nimemtazama fundi wa namna hii akifanya kazi uani, chini ya mwembe, na jambo la kwanza lililonivutia ni kwamba hakufungua kitu. Aliiwasha injini, akaiacha ipate moto, kisha akaigusa mipira miwili ya hita kwa nyuma ya vidole, kama mama apimaye homa ya mwanawe. Katika mguso huo mna habari nyingi. Mipira yote miwili ikiwa ya moto na bado hewa ya ndani ni baridi, maji hayana kosa. Kosa liko kwenye kibati kinachoielekeza hewa, au waya unaokivuta umekatika. Mmoja ukiwa wa moto na wa pili baridi, maji yanaingia na hayatoki: rejeta ndogo imeziba, au vali yake imekwama. Na hili la vali ni ugonjwa wa pwani hasa, kwa kuwa hewa ya chumvi hula chuma kisichotumika. Mipira yote miwili ikiwa baridi, maji yamepungua, au hewa imenaswa ndani, au thamostati imebaki wazi na injini haipati joto lake. Zulia la abiria likiwa limelowa, kioo kikawa na utando wa mafuta, na kebini ikanuka utamu wa kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, basi rejeta ndogo inavuja. Vidole viwili na pua, kabla ya spana yoyote.

Hapo ndipo fundi na mbadilisha spea wanapoachana. Mbadilisha spea huanza dukani: aweka thamostati mpya, ikishindikana pampu mpya, ikishindikana rejeta, na mwenye gari hulipia kila dhana. Fundi hufuata njia ya maji kutoka mwanzo hadi mwisho na huuliza yanaposimama. Akishajua, tiba mara nyingi ni nafuu. Rejeta ndogo iliyoziba huoshwa kwa kuyapeleka maji kinyumenyume, yakiingia pale yalipozoea kutokea, kwa nguvu ndogo ili mirija isipasuke, na uchafu wa kahawia hutoka mpaka maji yawe meupe. Vali iliyokwama hufunguliwa, husuguliwa, hupakwa grisi. Baadaye huja kazi ya kutoa hewa, ambayo haiwezi kuharakishwa: gari huegeshwa pua ikitazama juu ya mteremko, kifuniko hufunguliwa injini ingali baridi, hita huwekwa kwenye joto la mwisho, kisha injini huachwa ingurume polepole huku maji yakiongezwa, hadi mapovu yaishe. Asiyekuwa na subira ya kungoja mapovu hayo hurudishiwa gari likiwa limechemsha.

Mwenye gari anaweza kuyafanya mengi ya haya nyumbani, mradi ashike miiko miwili. Asifungue kifuniko injini ikiwa ya moto, kwa maana maji yale yaliyobanwa hulipuka kuwa mvuke papo hapo na kuunguza uso. Na asimwage kulanti uani: ni tamu, nayo ni sumu inayoua paka, mbuzi na hata mtoto.

Ila ugonjwa wenyewe hutoka wapi? Mara nyingi hutoka kwenye maji tunayoyatia, na hapa hadithi ya gari hugeuka kuwa hadithi ya mji. Mombasa haina mto wa kuinywesha. Maji yake husafiri: ya Mzima kwa bomba la kilomita 220 lililojengwa miaka ya 1950, ya Marere kutoka vilima vya Shimba, ya Baricho kando ya mto Sabaki, ya visima vya Tiwi. Hayatoshi, na mifereji hukauka siku nyingi. Kisauni na Likoni watu hununua mitungi mikokotenini au huchota visimani, na kisima kilichochimbwa katika mawe ya matumbawe karibu na bahari hutoa maji yenye chumvi na chokaa. Dereva anayeona rejeta imepungukiwa hutia alichonacho. Chokaa hujishika kwenye mirija myembamba, chumvi huila aluminiamu, na baada ya msimu mmoja au miwili njia ya maji imekuwa nusu ya ilivyokuwa. Kisha siku moja gari liko kwenye foleni ya feri ya Likoni adhuhuri, halina upepo wa mwendo, feni peke yake ndiyo inayolipoza, na mshale unapanda. Lawama huangukia foleni, ilhali kosa lilitiwa kwa mtungi miezi mingi nyuma. Fundi mwema hukwambia mapema: maji safi yasiyo na chumvi, yachanganywe na kulanti inayozuia kutu.

Ikishaziba rejeta kubwa, huanza ile sehemu ya ufundi niionayo kuwa na uzuri wa pekee. Zama za Peugeot 404, gari lililoshinda mashindano ya Safari mwaka 1963 na tena mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, rejeta zilikuwa za shaba, na fundi wa rejeta alikuwa mtu wa lehemu. Wapo bado. Hupasha moto tangi la juu mpaka lehemu ilegee, hulibandua, na safu za mirija huwa wazi mbele yake. Hupitisha ubapa mwembamba wa chuma ndani ya mrija mmoja mmoja, akikwangua chokaa bila kutoboa ukuta wa shaba ulio mwembamba kama karatasi. Husafisha kingo kwa asidi ili lehemu ishike, hulirudisha tangi, kisha huziba midomo na kuizamisha rejeta katika birika la maji, akaipulizia hewa. Povu likitoka, tundu limejitaja. Huwekewa alama, hukaushwa, hulehemiwa, huzamishwa tena. Hamna kudanganyana na birika lile. Kazi imekamilika wakati maji yametulia, na mteja aliyesimama kando anauona ukweli huo kwa macho yake.

Rejeta za siku hizi ni za aluminiamu, na matangi yake ni ya plastiki yaliyobanwa kwa meno madogo juu ya gasketi. Hazikubali lehemu ile ya zamani, na plastiki ikipasuka wengi hutupa kitu kizima. Hata hivyo wapo mafundi wa bara hii ya Mombasa waliojifunza kuyafungua meno hayo moja moja, kubadilisha tangi au gasketi, na kuyabana tena yasivuje. Wengi hawakuifunzwa kazi hiyo kwa kitabu. Waliitafuta wenyewe.

Nasema hivi nikijua kwamba kukata hita si dhambi kila mara. Usiku wa manane karibu na Mtito Andei, rejeta ndogo ikipasuka, kipande cha bomba na klipu mbili huokoa injini, na dereva asiyejua hila hiyo atalala porini. Kasoro ni kuifanya tiba ya njiani kuwa tiba ya maisha. Fundi anayestahili sifa huikata njiani na huirudisha akifika nyumbani.

Wengi wa mafundi hawa hawakupitia chuo. Walianza wakiwa vijana wa kushika taa na kupokeza spana, wakapanda ngazi kwa kutazama. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliueleza ulimwengu kwamba watu wa kazi ndogondogo zisizosajiliwa hawakuwa mzigo kwa uchumi, walikuwa wazalishaji. Kenya ikaja kuwaita jua kali, na leo aliyejifunza kazini anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, akapata cheti bila kuacha gereji yake. Ni njia nzuri, na wazazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanapaswa kuijua. Lakini cheti hufuata, hakitangulii. Kinachotangulia ni kijana kukubali kushika mpira wa moto kwa vidole vyake na kuuliza maji yamesimama wapi.

Wahenga walisema kazi mbi si mchezo mwema. Hii si kazi mbi hata chembe. Ina hesabu, ina kemia, ina uaminifu unaopimwa ndani ya maji mbele ya mwenye mali. Kwa hiyo, ewe mwenye pikapu, ukiambiwa kwamba hita yako yatosha kukatwa, uliza kwanza ilikosa nini. Ukimpata fundi anayeweza kukujibu kwa kufuata maji hatua kwa hatua, mpe muda anaouhitaji, mlipe anachostahili bila kumpunja, na ukiwa na kijana nyumbani asiye na kazi, mwombe fundi huyo amruhusu asimame kando yake.