Upana Haubebi Tishari
Wachora ramani wameipaka Wagenia, kwenye maporomoko ya Mto Kongo, rangi ya kijani. Mlioifungua ramani mpya ya njia za maji za Kongo mmejionea: kijani, yaani tishari lililopakia linapita, toka Kindu hadi Ubundu, na toka hapo moja kwa moja mpaka Kisangani, juu ya maporomoko yote saba ya Boyoma.

Wala kalamu haikuteleza. Walichukua tabaka la maji la Landsat, pikseli ya mita 30, wakapima upana wa mto, wakaweka kizingiti kimoja, palipozidi, panapitika. Na Wagenia mto ni mpana kweli. Ni mpana kwa sababu umemwagika juu ya miamba, ndiyo maana wavuvi wa pale husimika magogo katikati ya mkondo na kuning'iniza madema yao makubwa. Satelaiti imeyaona maji, mwamba haikuuona. Kati ya Ubundu na Kisangani mto unashuka kama mita 60, na reli ya kilomita 125 ilifunguliwa mwaka 1906 kwa kuwa meli haikuwa na njia. Reli hiyo wanayo kwenye ramani hiyohiyo! Imelala kando ya mstari wa kijani, na hakuna aliyejiuliza inatafuta nini pale.

Portes d'Enfer, lile korongo chini ya Kongolo, wameipaka nyekundu, yaani haipitiki. Sawa, ila wameipa nyekundu kwa wembamba wake, si kwa mbio za maji. Jibu limetoka, hesabu mbovu.

Kina je? Wamekitoa kwenye SRTM, data ya miinuko iliyopimwa kwa rada, kama kawaida yao. Nimelipigia kelele jambo hili mpaka vijana wakaniita mzee wa bildi: rada ile ya Februari 2000 ilipima uso wa maji, haikugusa sakafu ya mto popote. Ajabu ni kwamba mteremko, ambao SRTM ingewaonyesha, hawakuutumia.

Kwa haki, vipimo vya altimetri vya kimo cha maji, masika na kiangazi, wamevifanya vizuri.

Mmisionari George Grenfell, miaka ya 1880, alikuwa na meli ndogo, Peace, akachora mito hii akiipita mwenyewe. Hakuwa na pikseli hata moja, lakini palipomzuia alipajua.

Wakate mstari Ubundu, waweke pale kituo cha kuhamishia shehena kwenye reli, ndipo tuanze kubishana gharama ya tani moja.