Fundi wa Kijiweni

Kumwaga oili ya pikipiki, kukaza cheni, kusafisha plagi: hayo mwenye chombo ajifanyie mwenyewe. Spana chache na kidumu kilichokatwa vinatosha. Cheni aiachie ichezecheze sentimita mbili hadi tatu. Ikivutwa kama uzi wa gitaa, inakula meno ya sproketi na kuua beringi.

Pongezi zangu lakini ni za fundi wa kijiweni, yule mwenye ovaroli nyeusi kwa grisi. Kabla hajashika spana anasikiliza injini. Ikigonga tiki-tiki juu ya silinda, anataja valvu. Ikitoa moshi wa buluu, inakula oili, basi ni ringi za pistoni au sili za valvu. Mwanya wa valvu hupimwa injini ikiwa baridi, kwa visehemu vya milimita. Asiyejua akiubana mno, valvu inaungua, na hapo ndipo ubahili unapogeuka gharama.

Malipo yenyewe mara nyingi ni ahadi ya jioni. Bodaboda iliyolala haipeleki hesabu kwa tajiri, kwa hiyo fundi huanza na hiyo. Sisi wa pikipiki za kuendea kazini tukae benchi tusubiri, na ni haki yake kutuweka.