Chapa ya Fimbo na Ubora Wake

Mcheza gofu Brooks Koepka alipotwaa US Open mwaka 2017, begi lake lilikuwa mchanganyiko mtupu. Draiva ilikuwa TaylorMade, fimbo za chuma Mizuno, weji na pata zimetoka upande wa Titleist, na katikati yao palikuwa na chuma namba 3 cha Nike, kampuni iliyotangaza Agosti 2016 kwamba inaachana na utengenezaji wa fimbo na mipira. Mwaka 2018 alilitetea taji hilo, na chuma kile kilikuwa bado kimo begini. Nike haikuwa na fimbo ya kumuuzia mtu tena. Koepka alikibeba kwa kuwa kilimpelekea mpira alikotaka uende.

Kwenye klabu zetu mambo ni mengine. Kuanzia Muthaiga na Karen hadi Lugalo na Gymkhana ya Dar es Salaam, utamkuta mtu ni wa Callaway au wa Titleist kama mwingine alivyo wa Simba au Yanga: kofia, glavu, mwavuli, na fimbo zote 14 zinazoruhusiwa na sheria, jina moja. Sisemi ni ujinga. Fimbo za seti moja hupishana umbali kwa mpangilio, na ukisimama juu ya mpira ukiiamini fimbo yako, mkono hutulia. Ila wengi tunawaiga mabingwa ambao jina lile kwao ni mkataba. Tiger Woods mwenyewe, alipokuwa analipwa na Nike, mataji yake makubwa aliyatwaa kwa pata ya Scotty Cameron, chapa ya kampuni inayomiliki Titleist. Mataji 14 kati ya 15 aliyapata na pata ile ile moja. Kwenye fimbo inayoamua mchezo, hata pesa za Nike hazikumtenga kwa muda mrefu na alichokizoea.

Basi fimbo ihukumiwe vipi jina likiwekwa kando?

Anza kwa kujua unachokishika kimetengenezwa na nani. Jina lililo kwenye kichwa cha fimbo ni la kichwa tu. Shafti ya chuma huenda imetoka True Temper, ya kaboni Fujikura au Mitsubishi, na mpira wa kushikia ukatoka Golf Pride. Kampuni mbili zinazotukanana kwenye matangazo huweza kuwa zinanunua shafti kwa mtu mmoja. Na shafti ndiyo inayowaumiza wengi. Zile herufi R na S zinazoonyesha ugumu hazina kipimo kimoja kinachozibana kampuni zote; S ya huyu inaweza kuwa laini kuliko R ya yule. Kwa hiyo uliza uzito kwanza. Shafti ya chuma ya Dynamic Gold ina gramu 130 hivi, na za kaboni kwa fimbo za chuma ziko nyingi chini ya 80. Mzee wa miaka 60 anayebeba zile za gramu 130 kwa sababu bingwa fulani anazo anajitesa bure, na kufikia shimo la 14 mabega yatamweleza.

Sasa kichwa. Fimbo za chuma hutengenezwa kwa njia mbili kubwa: kufuliwa, au kusubiwa kwenye kalibu. Zilizofuliwa kwa chuma laini cha kaboni, kama za Mizuno na Miura za Japani, husifiwa kwa ule mguso mororo mpira unapogongwa katikati. Sifa hiyo ni ya haki, ingawa wanaoitaja sana ni watu wanaogonga katikati mara mbili kwa raundi. Kwa mchezaji wa kawaida, uzito uliosambazwa pembeni mwa kichwa una faida kubwa zaidi, kwa sababu mpira uliogongwa kombo haupotezi umbali mwingi. Njia hiyo ilienezwa na Karsten Solheim, mhandisi wa General Electric aliyetengeneza pata ya kwanza ya Ping mwaka 1959 katika gereji yake huko Redwood City, California. Chuma cha kaboni pia hushika kutu kikichubuka. Ukicheza Nyali au Vipingo, palipo na upepo wa chumvi, kagua kama kromu imekaa sawasawa kwenye kingo na ndani ya mifereji ya uso.

Kisha lipo suala la namba. Mtu anajaribu namba 7 mpya dukani, mpira unaipita namba 7 yake ya zamani kwa yadi 15, anatoa kadi ya benki. Hajaambiwa kwamba miaka ya 1980 uso wa namba 7 ulilala kwa digrii 35 hivi, na leo nyingi zinazouzwa kwa wachezaji wa kawaida zina 28 hadi 30, na shafti imerefushwa juu yake. Amenunua namba 5 iliyoandikwa 7. Hilo lenyewe si kosa, maana vichwa vya sasa hurusha mpira juu hata kwa digrii hizo. Lakini huku chini, kati ya weji na fimbo inayoifuata, hubaki pengo la umbali lisilo na fimbo, na mwakani atarudi dukani kuliziba. Ukiambiwa yadi, uliza digrii. Na kama ulizipima Nairobi, kwenye mita zaidi ya 1,600 ambako hewa ni nyepesi, usitegemee umbali ule ule Mombasa.

Mlalo wa fimbo, yaani pembe kati ya shafti na ardhi, unaweza kuupima mwenyewe. Chora mstari wa maka kwenye mpira, uweke mpira mstari ukiwa wima na ukiuelekea uso wa fimbo, kisha piga. Alama itakayobaki usoni ikisimama wima, fimbo inakufaa. Ikiinamia upande mmoja, inahitaji kupindwa kidogo na fundi. Ping huweka kitone cha rangi kuonyesha mlalo: nyeusi ndiyo ya kawaida. Anayenunua Ping ya mtumba bila kuangalia rangi ya kitone ananunua kipimo cha mwili wa mtu mwingine.

Mitumba na bandia huhitaji jicho kali. Tazama ile pete nyeusi ya plastiki shafti inapoingia kichwani: kwenye kazi nzuri haina mwanya, na kidole hakikwami kinapoipita. Maandishi yawe na kina kimoja na rangi isiyovuja. Draiva ikisemwa ni ya titani, gusisha sumaku usoni. Ikinasa, umeuziwa kitu kingine. Mpira wa kushikia uliong'aa na kukakamaa kwa jua si sababu ya kuikataa fimbo. Hubadilishwa kwa bei ndogo.

Kwenye mpira wa gofu mapenzi ya chapa hupofusha kuliko kwingine kote, na kipimo chake kiko jikoni. Jaza maji, koroga chumvi hadi mpira uelee, weka alama juu, uuzungushe. Alama ikirudi juu kila mara, uzito wa ndani umeegemea upande mmoja. Mchezaji wa kulipwa Bryson DeChambeau hupima mipira yake kwa namna hiyo. Titleist yenyewe husimulia kwamba ilizaliwa hivyo: katika miaka ya 1930 mwanzilishi wake, Phil Young, alikosa shimo, akaulaumu mpira, akaupeleka kwenye eksirei na kukuta kiini hakiko katikati. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye gofu hata chema hutembezwa kwa mabilioni, kwa hiyo methali haitakusaidia kwenye kaunta.

Siku ya kununua, mwombe muuzaji afunike chapa zote kwa utepe. Piga mipira 10 kwa kila fimbo, na kedi wako aandike inakoangukia yote, pamoja na ile mibaya. Chagua kwa karatasi hiyo, kisha ndipo utepe utolewe. Likijitokeza jina lile lile ulilolipenda tangu zamani, lipia bila kuona haya.