Okapi wa Gramu 35

Sarafu ya zaire 5 ya mwaka 1975 ina uzito wa gramu 35, kipenyo cha milimita 42 na fedha halisi sehemu 925 katika kila 1,000. Upande mmoja una sura ya Mobutu, rais wa Zaire, Kongo ya leo, upande wa pili okapi. Pamoja nayo ilitoka ya zaire 2 na nusu, ya fedha ileile, gramu 28.28, yenye gorila wa milimani. Na ya zaire 100, ya dhahabu, yenye chui. Zilipigwa na Royal Mint ya Uingereza katika mfululizo wa sarafu za wanyamapori ulioanzishwa pamoja na mashirika ya uhifadhi WWF na IUCN. Tanzania ilikuwa imetangulia mwaka 1974 kwa twiga, faru na duma. Mwaka huo wa 1975 IUCN ilifanya mkutano wake mkuu Kinshasa, na hifadhi ya Virunga ya nchi hiyo, iliyoanzishwa 1925 kwa jina la Albert, ilitimiza miaka 50.

Tarakimu za mwanzo ndizo kazi ya kwanza ya ufundi, kabla mchongaji hajashika chombo. Fedha tupu ni laini: hupinda, hukwaruzika, na nakshi nyembamba hufutika juu yake upesi. Mafundi huichanganya na shaba, na sehemu 75 katika elfu zinatosha kuikaza bila kuuvuruga weupe wake. Kongo imeonja vipimo kadhaa. Faranga 5 za Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II, za kuanzia 1887, zilifuata kanuni ya nchi za Ulaya zilizokubaliana mwaka 1865 kulinganisha sarafu zao: gramu 25, fedha 900. Faranga 50 za mwaka 1944, zenye tembo, zilikuwa gramu 17.5, nusu yake fedha. Nani aliyezipokea vitani angejua kwamba mkononi ana gramu 8.75 tu za fedha, kama hesabu hiyo isingeandikwa mahali? Jicho haliwezi kuiona. Hapo ndipo karatasi ya vipimo inapokuwa kitu cha heshima: inasema waziwazi kile ambacho chuma chenyewe kingeweza kuficha.

Hata gramu 28.28, ambazo zinaonekana kama zimeokotwa njiani, zina ukoo. Kwa sheria ya zamani ya Uingereza, ratili moja ya kupimia fedha, gramu 373.24, ilikatwa shilingi 66. Sarafu ya krauni ilikuwa shilingi 5. Ukigawanya, unapata gramu 28.28. Kipenyo chake cha milimita 38.61 ni inchi moja na sehemu 52 za mia. Gorila wa Virunga amekaa juu ya kisahani ambacho ukubwa wake uliamuliwa na wapimaji wa London zaidi ya karne moja kabla yake.

Okapi alimpa mchongaji kazi ngumu zaidi, na sababu yake inaanzia Beni. Mwaka 1900 Harry Johnston, mjumbe maalumu wa Uingereza nchini Uganda, alifika kwenye kituo cha Mbeni, karibu na mto Semliki, akimtafuta mnyama aliyesikia habari zake kwa Wambuti wa msituni. Mnyama hakumwona. Alichopata ni vipande vya ngozi yenye milia, vilivyokatwa kuwa mikanda ya askari. Vilipofika London, mtaalamu Philip Sclater alivitazama, akamwandika mnyama katika jamii ya farasi na punda milia. Mwaka uliofuata Karl Eriksson, ofisa Mswidi aliyekuwa na amri kituoni Mbeni, alimpelekea Johnston ngozi nzima na mafuvu mawili. Mafuvu yalimaliza ubishi: huyu ni ndugu wa twiga. Mtaalamu mwingine, Ray Lankester, ndiye aliyempa jina la Okapia.

Kwa hiyo anayemchora okapi ana wajibu wa kutorudia kosa la mikanda. Milia ya miguu na makalio humvuta kila mtazamaji. Bila shingo ndefu kiasi, masikio makubwa na kichwa cha twiga, picha inakuwa ya punda milia asiyekamilika. Rangi nayo haipo. Manyoya ya okapi ni kahawia nzito yenye kung'aa kama mahameli, na fedha haina kahawia. Ina mwanga na kivuli tu. Mchoro wa sarafu ya namna hii huumbwa kwanza kwa plasta, mkubwa mara nyingi kuliko sarafu, kisha mashine huupunguza hadi kwenye chuma kigumu cha muhuri. Kwa toleo la wakusanyaji, linaloitwa prufu, muhuri hung'arishwa kama kioo sehemu tambarare na kuachwa na ukungu pale penye umbo. Kisahani hupigwa zaidi ya mara moja ili fedha ijae kila mkunjo. Ukingo hutiwa meno, desturi ya zamani ya kumzuia mwizi asiparue fedha pembeni.

Butembo na Beni leo hazina sarafu. Faranga ya Kongo ni noti. Mtoto wa soko la Butembo hukutana na sarafu pale shilingi za Uganda zinapovuka mpaka wa Kasindi. Hata hivyo neno fedha, au feza kwa Kiswahili cha huko, limebaki na maana zote mbili, kwa kuwa feza ni chuma na feza ni pesa. Na katika biashara ya dhahabu ya mashariki mwa Kongo sarafu za zamani zimedumu kazini kama mawe ya mizani ya mkono: vumbi la dhahabu upande huu, sarafu au kijiti cha kiberiti upande wa pili.

Mnunuzi wa dhahabu aliyeletewa okapi wa 1975 anaweza kumpima bila kumkwaruza. Anamweka kwenye mizani ya elektroni: gramu 35, pungufu au zaidi kwa kiasi kidogo sana. Kisha anamning'iniza kwa uzi mwembamba kutoka kwenye mizani hiyo, ndani ya glasi ya maji, asiguse chini wala pembeni. Fedha ya 925 ni nzito kuliko maji mara 10.3 hivi, kwa hiyo ndani ya maji uzito unashuka kwa takribani gramu 3.4 na kusimama karibu na 31.6. Ukisimama kwenye 31, kilicho kwenye uzi huenda ni shaba iliyopakwa fedha.