Milioni 8.7 za Crosby

Mkataba aliosaini Sidney Crosby na Pittsburgh Penguins mwaka 2012 ulikuwa wa miaka 12 na dola milioni 104.4, yaani wastani wa milioni 8.7 kwa msimu. Wapenzi wa hoki walifurahia utani wake: jezi yake ni namba 87, na alizaliwa tarehe 7 Agosti 1987. Utani ni mzuri, ila uhondo uko kwenye mgawanyo wa malipo.

Ligi ya NHL ilipoteza msimu mzima wa 2004–05 kwa mgogoro wa wamiliki na wachezaji. Iliporudi, kila timu ikawekewa kikomo cha mishahara. Tajiri hana ujanja hapo. Kila dola anayoongezewa nyota imepungua kwa beki wake. Mchezaji mmoja naye havuki asilimia 20 ya kikomo. Lakini kinachohesabiwa kwenye kikomo ni wastani wa mkataba mzima, si fedha zinazoingia mfukoni mwaka huo.

Wakala Pat Brisson na meneja mkuu Ray Shero walijenga humo humo. Miaka 3 ya kwanza, Crosby alipangiwa milioni 12 kila mwaka. 3 ya mwisho, milioni 3 tu. Mkia ule mwembamba ndio ulioshusha wastani. Mchezaji akapata chake mapema, timu ikabaki na nafasi ya kusajili wengine.

Kujua pa kuishia ni nusu ya kazi. Mwaka 2010 New Jersey Devils walimpa Ilya Kovalchuk mkataba wa miaka 17, milioni 102, mpaka afikishe umri wa miaka 44, misimu ya mwishoni akilipwa dola laki tano na nusu. Ligi ikaukataa, na msuluhishi akaiunga mkono ligi. Mkia mrefu kiasi hicho hata mtoto angeuona! Januari 2013 makubaliano mapya yakaziba njia: mkataba usizidi miaka 8 kwa anayebaki kwenye timu yake, 7 kwa anayehama.

Mafundi wakatafuta upenyo mwingine. John Tavares alipohamia Toronto mwaka 2018 kwa milioni 77, mshahara wake wa msimu wa kwanza ulikuwa dola 650,000, na fedha za kusaini milioni 15.25. Jumla milioni 15.9. Kikomo cha msimu ule kilikuwa milioni 79.5, piga asilimia 20 yake, utapata 15.9 ile ile. Tena timu ikiamua kumvunjia mchezaji mkataba, hukata sehemu ya mishahara iliyobaki, lakini fedha za kusaini haizigusi. Ni kazi ya mtu anayesoma kanuni mpaka tanbihi.

Hata hivyo mimi bado naupenda zaidi ule wa Crosby, kwa sababu mwishowe uliipa timu faida ambayo hakuna meneja angethubutu kuitegemea. Mikia kama ile huwekwa kwenye miaka ambayo mchezaji anatarajiwa kuchoka au kustaafu. Msimu wa 2024–25, mwaka wa mwisho, akiwa na miaka 37 na mshahara wa milioni 3, Crosby aliongoza timu kwa pointi 91. Kabla msimu haujaanza alikuwa ameshasaini miaka 2 mingine, kwa milioni 8.7 zile zile.