Kahawa Isagwe Nyumbani

Alasiri ya Mombasa ilikuwa na mlio wake. Watu wakishatoka msikitini, vichochoro vya Kibokoni vilianza kujibizana kwa michi: nyumba hii inatwanga kahawa ya mgeni, ile ya pili ya mzee wa nyumba, na pembeni muuza kahawa anatwanga ya baraza zima. Leo pita hapo hapo, wakati ule ule. Pikipiki utazisikia, na runinga, na simu zinazolia mifukoni. Kinu husikii. Kahawa yenyewe ingali ikinywewa, tena kwa wingi, na kashata na tende zake. Lakini unga wake umetoka dukani ndani ya pakiti, umesagwa siku isiyojulikana na mtu asiyejulikana.

Sioni kwamba kahawa ya namna hiyo inastahili baraza lake. Buni ikikaangwa, ndani yake huzaliwa hewa ya kaboni pamoja na mafuta mepesi yenye harufu, na sehemu yake kubwa hukaa imefungiwa humo hadi buni ivunjwe. Ikishavunjwa vinaondoka upesi. Ile harufu inayomfikia jirani wa nyumba ya tatu, ambayo sote tumeisifu tangu utotoni, ni kahawa inayotoka kinuni na haitarudi. Ndiyo maana wazee walikaanga kidogo, wakatwanga kiasi cha dele moja, na maji yakiwa tayari yanachemka juu ya makaa. Buni nzima iliyokaangwa, ikitiwa kwenye chupa inayoziba barabara, huvumilia majuma kadhaa. Unga wake hauvumilii hata siku chache. Unabaki na weusi na uchungu, basi.

Fundi niliyemtazama kuliko wote alikuwa muuza kahawa wa Mji wa Kale, mzee mwembamba wa kikoi na kofia, ambaye kabla ya kuanza zunguko lake la jioni alikaa kizingitini na kinu chake kati ya miguu. Kilikuwa cha mti mgumu, kirefu na chembamba, mdomo wake ukipitisha ngumi kwa taabu. Mchi ulikuwa wa chuma. Wembamba ule ulikuwa na sababu yake, kwani buni iliyokaangwa ni nyepesi na inaruka. Mzee aliweka kiganja cha kushoto juu ya mdomo wa kinu, akaacha nafasi baina ya kidole gumba na cha shahada, na mchi ukapita hapo hapo, juu na chini, bila kuigusa ngozi. Mapigo ya kwanza yalikuwa mepesi, ya kupasua tu. Buni ilipokwisha kupasuka mkono ukaongeza uzito, na mlio ukageuka: ule wa kukatikakatika ukafa, ukaja mwingine mzito, usio na mwangwi.

Wakati wote huo alikuwa akizungumza. Siasa, mpira, bei ya samaki, nani kaoa na nani kaachika, yote yalipita kizingitini pake. Lakini sikio moja lilikuwa kinuni. Katikati ya neno mkono ulisimama, kwa sababu mlio umemwambia jambo ambalo sisi tuliokaa naye hatukulisikia. Alichota unga kwa ncha za vidole viwili, akausugua, akautazama, kisha akaumimina kwenye chekecheke. Kilichopita kilikwenda kwenye dele. Kilichokataa kupita kilirudi kinuni kupigwa tena. Iliki na tangawizi kavu zilitwangwa mwisho, mbali na buni, kwani iliki ikitangulia kinu kizima huwa cha iliki hadi kesho. Kijana mmoja wa mtaani aliwahi kuomba mchi ajaribu, akaanza kupiga kwa nguvu zake zote, buni zikaruka mpaka uchochoroni. Mzee akamshika mkono. "Taratibu, mwanangu. Hiyo buni haijakukosea kitu."

Ukitaka kujua kusaga kahawa ni nini, lifikirie chekecheke lile. Unga wa kahawa usipolingana, kikombe hakiwezi kuwa kizuri, hata buni iwe imetoka shamba gani. Vumbi lililo laini mno huachia uchungu wake mara tu linapokutana na maji ya moto, na wakati huo huo chenga kubwa zimekaa na ladha yao ndani, hazijatoa kitu. Matokeo yake ni kahawa chungu na chachu kwa mkupuo mmoja, na mnywaji anailaumu buni. Mzee hakuwa na kipimo wala mizani. Alikuwa na chekecheke na subira ya kurudia.

Nyumbani kwetu palikuwa na kinu cha namna nyingine, cha kuzungusha. Kililetwa na jamaa aliyekuwa baharia: kisanduku cha mbao, bakuli la shaba juu yake, mkono wa chuma wenye kitufe cha mti, na kidroo chini cha kupokea unga. Bibi alikaa mkekani, akakunja leso mapajani, akakibana kisanduku kwa magoti na kuzungusha bila haraka, huku sisi watoto tukigombea nani atakivuta kidroo. Kitufe kilikuwa kimelika upande mmoja, upande wa kiganja chake, hivi kwamba mtu mwingine akikishika alihisi amekaa mahali pa mwenyewe. Maji hayakukigusa kinu kile. Bibi alikisafisha kwa unyoya wa kuku, akifuta meno yake na pembe za kidroo mpaka lisibaki vumbi la jana, maana unga wa jana ukichanganyika na wa leo ndio unaoshinda. Hakuruhusu mtu kukitia pilipili manga wala mdalasini, na mpishi wa shughuli aliyekuja kukiazima alirudi kwao mikono mitupu. Wapo waliomwona mgumu. Mimi naona alikuwa akilinda kitu ambacho kikiharibika mara moja hakitengenezeki.

Vinu vya aina hiyo vilienea sana Ulaya katika karne ya 19. Peugeot wa Ufaransa, ambao sisi tunawafahamu kwa zile 404 na 504 zilizoshinda Safari Rally na kubeba abiria wa masafa marefu, walianza kutengeneza vinu vya kahawa mwaka 1840, miongo kadhaa kabla hawajaunda gari lolote. Waturuki na Waarabu walikuwa na vyao vya shaba, vyembamba, vya kushikwa mkononi. Na nyuma ya wote hao wapo masufi wa Yemen wa karne ya 15, waliokunywa kahawa ili usingizi usiwakatize katika dhikri za usiku.

Anayetaka kinu leo asikubali kuuziwa visu. Hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha zao. Madukani vimejaa vimashine vya umeme vyenye kisu kinachozunguka chini, na nyumba nyingi hazisumbuki hata na hivyo, zinatumia blenda iliyosaga nyanya asubuhi. Kisu hakisagi. Kinakata kile kilichokutana nacho, na kukikata tena, na huku buni nyingine inazunguka juu bila kuguswa, na kadiri unavyoendelea ndivyo unga unavyopata joto. Kinu cha kweli kina meno mawili, moja limetulia na jingine linazunguka, na buni haitoki hadi iwe ndogo kiasi cha kupita nafasi iliyoachwa kati yao. Ni lile chekecheke la mzee, limetiwa ndani ya chuma.

Kwa hiyo ukiwa dukani usitazame rangi. Shika mkono wa kinu uutikise. Mhimili ukicheza, nafasi kati ya meno itabadilika kila mzunguko na unga hautalingana kamwe. Mkono mrefu hauchoshi sana. Meno ya kauri hayashiki kutu, na pwani yetu ambako chumvi iko hewani hilo si jambo dogo. Ya chuma kizuri hukata safi zaidi na hustahimili pigo. Yote mawili yana adui mmoja, naye ni jiwe. Buni huanikwa, na nyingine huanikwa chini, kwa hiyo kijiwe hukaangwa pamoja nazo na kugeuka rangi yao. Zimwage kwenye sinia uzichambue kwa vidole kabla hazijaingia kinuni. Hii ni kazi ya dakika mbili, na naiona ikidharauliwa hata na watu walionunua vinu vya bei kubwa.

Kisha kurekebisha. Kaza skrubu hadi meno yakaribie kugusana, halafu legeza kidogo kidogo, ukisaga buni chache kila mara na kuzisugua vidoleni. Kahawa ya dele, inayochemshwa na kuachwa itulie, mimi naitaka iwe kama mchanga mwembamba wa ufuoni ulio mkavu. Ya kuchuja kwa kitambaa au karatasi iwe kubwa kidogo, na gramu 60 kwa lita moja ya maji zinatosha. Unga ukiganda kwenye kuta za kinu kwa umeme wa msuguano, dondoshea buni tone moja la maji kabla ya kusaga, lisizidi hapo. Cha umeme chenye meno sikichukii, na nyumba yenye wageni wengi inakihitaji. Ila kinapiga kelele inayofunika kila kitu, na anayekitumia hatajua kamwe zile hatua ambazo mzee wa Mji wa Kale alizisikia akiwa katikati ya habari za mpira.

Linalonisikitisha zaidi si pakiti. Ni kwamba hii ni nchi ya buni, na pande zote za jirani zetu vile vile. Wahaya wa Kagera walitafuna kahawa, wakampa mgeni kahawa, wakafunga udugu wa damu kwa buni mbili zilizolala ndani ya tunda moja, muda mrefu kabla ya mkoloni. Kilimanjaro mibuni ilipandwa na wamisionari Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na kufikia 1933 Wachaga walikuwa wameunda KNCU, chama chao cha ushirika, ili wauze kahawa kwa sauti moja. Nyeri na Kirinyaga zinatoa buni ambayo wachomaji wa Ulaya na Marekani wanaipigania. Nenda sasa kwenye nyumba za wakulima hao. Utakaribishwa chai. Gunia la buni liko pembeni, limeshonwa, linangoja lori, na kinu cha kuisagia hakipo nyumbani humo wala kwa jirani. Wako waliozeeka shambani hawajawahi kuonja mavuno yao wenyewe. Bukoba, ambako kahawa ilikuwa heshima ya kwanza ya mgeni, kuna kiwanda cha kahawa ya kuyeyuka tangu miaka ya 1960, na kopo lake ndilo sasa linalokaa mezani hata ambako mti wenyewe uko nje ya dirisha.

Mjini nako tumejitakia wenyewe. Mombasa, sokoni, niliwahi kupeleka buni nzuri kwenye duka lenye mashine, nikasimama nikitazama ikimiminwa mahali ambapo bizari ilikuwa imetoka sekunde hiyo hiyo. Mwenye duka hakuona kosa, wala wateja wengine. Watu hao hao wangemrudisha mpishi jikoni kwa pilau isiyokolea. Ulimi wao haujafa; umezoeshwa kutotarajia chochote kutoka kwenye kahawa isipokuwa moto na uchungu. Unguja, pale Jaws Corner, bado wanakaa wazee kwa vijana na vikombe vyao, na mabishano yao ya siasa hayajapungua ukali hata kidogo. Ningependa siku moja wabishane pia juu ya unga uliomo vikombeni, kwa sababu baba zao walibishana juu yake, wakamkimbia muuza kahawa aliyetwanga ovyo na kuvuka mtaa kumfuata mwenye mkono.

Vifaa navyo vinakwenda. Madele ya shaba na vinu vya kale viko kwenye maduka ya vitu vya kumbukumbu, vimesuguliwa vikang'aa, vingine vimetiwa maua ya plastiki. Mafundi wa kuchonga kinu chembamba cha kahawa ni adimu. Ukiagiza unaletewa cha kisamvu, kipana, ambacho buni itaruka na kukimbia nje. Mzee wangu alifariki zamani. Wanawe wanauza kahawa bado, ya pakiti, na biashara si mbaya. Nilimuuliza mmoja wao kinu cha baba kiko wapi. Akaniambia alikiuza kwa mgeni mmoja aliyekipenda, na kwamba mgeni yule, kabla ya kulipa, aliomba aonyeshwe kinavyotumika. Wakakosa wa kumwonyesha. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua mkono wa kushoto unawekwa wapi.