Si Kila Mchezo Huigizwa: Uhakiki wa Istilahi za Gemu za Kijapani

Miongoni mwa dhana zinazowasumbua wafasiri na walimu siku hizi ni aina moja ya gemu za video kutoka Japani, ambazo visa vyake hutokea katika majiji ya zama zetu. Tafsiri imjiayo mtu upesi ni "mchezo wa kuigiza wa mapigano katika mji wa kisasa". Kwa maoni yetu, tafsiri hiyo ina kasoro tatu, na kila moja yaweza kumpoteza msomaji.

Kwanza ni "mchezo wa kuigiza". Jina hili lina mwenyewe. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, ni mchezo wa kuigiza. Na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 imelichukua jina hilo hilo. Afisa wa Kibaha akiletewa barua ya kuomba kufungua kibanda cha "michezo ya kuigiza", ana haki ya kudhani kwamba patakuwa na jukwaa na waigizaji. Kama sheria fulani yahusu gemu au haihusu, jambo hilo na liamuliwe kwa maneno ya sheria yenyewe, wala si kwa jina lililoazimwa na mfasiri mwenye haraka.

Walimu nao wanalo "igizo dhima", lakini hilo pia halitoshi. Mwanafunzi hushika nafasi ya mnunuzi au ya hakimu kwa dakika chache, kisha huiacha kama alivyoikuta. Katika gemu tunazozijadili, mhusika hukua. Katika The World Ends with You, iliyotolewa Japani na Square Enix mwaka 2007, kijana Neku hupigana katika mitaa ya Shibuya, Tokyo, kwa uwezo autoao katika beji zake. Beji hizo huongezeka nguvu kadiri zinavyotumika. Mavazi na chakula anunuavyo madukani navyo humwimarisha. Kiini cha dhana ni kukua huko, na kwa hiyo twapendekeza "gemu ya kukuza mhusika".

Pili ni "mapigano". Neno hili peke yake halitofautishi kitu. Mfululizo wa Ryu ga Gotoku, ulioanzishwa na Sega mwaka 2005, ulikuwa wa mapigano ya papo kwa papo: mchezaji akibonyeza kitufe, ngumi huenda saa ile ile. Toleo la saba, la mwaka 2020, lilifuata mapigano ya zamu, ambapo kila upande hungoja mwenzake amalize, kama wachezavyo bao. Yote mawili ni mapigano, lakini gemu si za aina moja. Hapana budi istilahi iseme ni "papo kwa papo" au ni "zamu".

Tatu ni "mji wa kisasa". Kwetu "kisasa" ni neno la sifa njema: kilimo cha kisasa, nyumba ya kisasa. Kamurocho, mtaa wa kubuni wa Ryu ga Gotoku ulioigwa Kabukicho ya Tokyo, umejaa magenge na wadai madeni. Hausifiwi kwa maendeleo. Linalokusudiwa ni wakati tu, yaani si zama za ngome na panga. "Wa leo" yatosha. Aidha, mji si jiji, na mkazi wa Kibaha aendaye Dar es Salaam hahitaji kufundishwa tofauti hiyo.

Wako watakaolikataa neno "gemu" kwa kuwa ni la kukopa. Twawakumbusha kwamba "shule" na "meza" nazo zilikopwa. "Mchezo" umekwisha kubeba mpira, bao na tamthilia. Kuutwika na hili ni kuuonea. Ni kweli kwamba mitaani "gemu" ni pambano la kandanda pia. Basi katika maandishi rasmi na isemwe "gemu ya video".

Kwa hiyo mfasiri aandike: gemu ya video ya kukuza mhusika, yenye mapigano ya papo kwa papo, katika jiji la leo. Ni ndefu, twakubali, na matumizi yataifupisha. Lakini ufupisho wa jina la kweli ni jambo jepesi. Kulirekebisha jina la uongo lililokwisha kuingia katika majalada na vitabu vya shule ni kazi ya miaka mingi.